Anaamka mara nne usiku, hawezi kulala bila kushika sikio langu

Mama Nuru
Habari zenu wazazi wenzangu. Naombeni msaada, kwa kweli nguvu zimeniishia.

Mwanangu wa kiume ana miaka 2 na miezi 5. Saa mbili na nusu usiku tunapanda kitandani, nalala pembeni yake mpaka usingizi umchukue. Tangu alipoacha kunyonya ana mtindo mmoja: lazima ashike ndewe ya sikio langu la kushoto, aisugue polepole kwa vidole viwili. Vidole vikilegea ndipo najua amelala, natoka kwa kunyata. Saa tano anaamka. Halii kwanza, anapapasa mto. Akikosa sikio ndipo anapopiga kelele. Narudi, anashika, dakika tano kalala. Saa saba tena. Saa tisa tena. Ya saa kumi na moja alfajiri ndiyo mbaya kuliko zote, mara nyingi halali tena, nami asubuhi natakiwa kazini.

Nilimchelewesha hadi saa nne usiku nikidhani akichoka atalala moja kwa moja. Akaamka mara sita. Nilijaribu kumwacha alie, nikasimama nyuma ya mlango nikilia naye, dakika 12 tu, nikaingia. Juzi nilimfokea. Aliniangalia kimya, kisha akaanza kusugua sikio lake mwenyewe. Tangu siku hiyo sina amani.

Baba Salma
Pole mama. Mchana analala saa ngapi mpaka saa ngapi? Na je, anakoroma?

Mama Nuru
Analala saa nane mpaka saa kumi na nusu, siku nyingine hadi kumi na moja jioni. Namwacha kwa kuwa usiku hakulala vizuri. Kukoroma ni akiwa na mafua tu.

Mama wa Watatu
Pole sana mdogo wangu. Hilo la kumfokea lisikukalie moyoni. Wa kwangu wa katikati alikuwa hivihivi, ila yeye alishika nywele zangu.

Nikwambie kilichonifungua macho. Hakuna mtu anayelala usiku kucha bila kuzinduka, hata sisi. Usingizi unazama na kupanda, na kila ukiwa mwepesi mtu anageuka, anavuta shuka, anaendelea, asubuhi hakumbuki. Mtoto naye anazinduka mara kadhaa, na akizinduka anataka akute mambo kama alivyoyaacha. Wa kwako alisinzia ana sikio mkononi, anazinduka mkono mtupu. Mtu akichomolewa mto usingizini naye ataamka autafute. Kwa hiyo kazi yako ni ya saa mbili na nusu. Akizoea kusinzia bila sikio lako jioni, ya usiku yatapungua yenyewe.

Mimi niliweka kiti pembeni ya kitanda. Siku tatu za kwanza nilikaa pale, mkono kifuani kwake, nywele nimezifunga kitambaa. Alilia sana. Nilikuwa palepale nikimwambia maneno yaleyale, "Mama yupo, lala." Usiku wa tatu ulikuwa mgumu kuliko wa kwanza, na hapo ndipo wengi tunapokata tamaa, nami nusura nifungue kile kitambaa. Ukilegeza usiku huo anajifunza kwamba akizidisha kilio atapata. Usiku wa nne nikatoa mkono, nikabaki kitini. Siku tatu nne baadaye nikasogeza kiti katikati ya chumba, kisha mlangoni. Akiamka usiku, narudi kwenye kiti, mahali kilipokuwa jioni ile. Ilichukua wiki mbili na ushee.

Kama roho yako haitaki umwache alie peke yake, usimwache. Wapo waliofanya hivyo na watoto wao wakalala, siwalaumu, lakini njia usiyoweza kuishikilia siku tano mfululizo heri usiianze.

Na pale aliposugua sikio lake mwenyewe, soma tena ulichoandika mdogo wangu. Mtoto ameshakuonyesha. Akitafuta lako, mpelekee mkono wake kwenye lake.

Baba Salma
Nakubaliana na Mama wa Watatu, ila usingizi wa mchana nao urekebishe, la sivyo kiti kitakuchosha bure. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unataja saa 11 hadi 14 kwa siku kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 2, yaani ambaye hajatimiza miaka 3 kama wako, na hizo ni pamoja na za mchana. Wako mchana peke yake anakula karibu saa tatu. Usimkatie kabisa, bado anauhitaji. Mwamshe saa tisa na nusu, fungua pazia taratibu, mpe muda wa kununa. Asubuhi pia mwamshe saa ileile kila siku hata kama usiku ulikuwa mbaya. Kumchelewesha hadi saa nne usirudie, mtoto akichoka kupita kiasi hulala kwa mang'amung'amu. Simu na runinga zizimwe saa nzima kabla ya kulala.

Nesi wa Watoto
Naongeza machache. Mtoto akikoroma usiku mwingi bila mafua, akipumulia mdomo au pumzi ikikatika akiwa usingizini, apelekwe akaangaliwe nyama za puani na mafindofindo. Anayerusharusha miguu kitandani kila usiku apimwe madini ya chuma. Yupo pia anayepiga mayowe saa chache za mwanzo wa usiku, macho wazi lakini hamtambui mama yake. Huyo usimtikise umwamshe, kaa naye asijiumize, itapita na asubuhi hatakumbuka. Wa kwako simwoni huko, huyu anajua anachokitafuta.

Na tafadhalini sana, dawa ya mafua au ya kikohozi isitumike kumlaza mtoto. Nimepokea watoto waliopewa hivyo. Ni hatari.

Mama Nuru
Narudi baada ya siku 12. Usiku wa tatu mlinionya na bado ulinikuta sijajiandaa. Dakika 50. Nilikaa kitini nimevaa kilemba kilichofunika masikio, machozi yananitoka, nikirudia "Mama yupo, lala" mpaka sauti ikakauka. Wa nne dakika 20. Wa sita hakulia, alinung'unika tu.

Sasa kiti kiko karibu na mlango. Mchana namwamsha saa tisa na nusu, ananuna mpaka kumi. Usiku anaamka mara moja. Jana saa tisa nilisikia kitanda kinalia, nikainuka, nikasimama mlangoni. Alikuwa amekaa, anapapasa mto. Akalala tena ubavu, mkono ukapanda kwenye ndewe yake ya kushoto, akawa anaisugua kwa vidole viwili. Nilisimama pale mpaka vidole vikalegea.

Ya saa kumi na moja bado. Nimeweka pazia zito dirishani, naona anasogea kwenye kumi na moja na nusu.

Mama wa Watatu
Nimesoma mara mbili, mdogo wangu, machozi yamenilenga. Kiti usikitoe wiki hii. Na akipata mafua ukalazimika kurudi kitandani kwake, rudi bila hofu. Akipona, anza kwenye kiti.