Kiwanda kipya Kwala: kibali kitoke kabla usafiri wa wafanyakazi haujapangwa?

Mkazi wa Mlandizi
Wakuu, naleta hoja. Bandari kavu ya Kwala, hapa kwetu Pwani, inayopokea makontena toka bandari ya Dar, ilizinduliwa Julai 2025, kongani ya viwanda inajaa, na kila siku tunasikia kiwanda kingine kinakuja. Kontena limepangiwa njia toka melini mpaka getini. Mfanyakazi hatajwi popote. Msimamo wangu: mwekezaji asipewe kibali cha ujenzi mpaka aonyeshe kwa maandishi watu wa shifti ya usiku watafikaje na watarudije. Toka njia panda ya Vigwaza mpaka Kwala ni kilomita 15 na ushee. Saa 2 usiku dada zetu wanapakiwa mishikaki kwenye bodaboda, malori yanawapita ubavuni. Mnasemaje?

Kiboko wa Ruvu
Masharti juu ya masharti ndiyo yanawafukuza wawekezaji. Barabara ya zege ipo, reli ipo. Wanaotumaliza ni madereva wa malori, wanazidisha mzigo halafu wanaendesha wamelewa. Wafanyakazi nao wahamie Kwala, basi.

Dereva wa Semi
Nani amelewa? Taja. Mzigo sipakii mimi. Nakabidhiwa kontena lina sili, karatasi inasema uzito uko sawa, nafika mizani ekseli za nyuma (vile vyuma vinavyobeba matairi) zimezidi kwa sababu aliyepanga mzigo kaurundika upande mmoja. Sili siruhusiwi kukata. Nalala pale mizani, na siku ile bosi anaikata kwenye posho. Usituite walevi ukiwa umekaa kwako.

Fundi Ramani
Kwenye ekseli dereva ana haki ya kulalamika, ila uzito nao si jambo dogo. Sheria ya Afrika Mashariki ya 2016 inaruhusu tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne, na tani 56 kwa gari zima. Kwa hesabu ya wahandisi wa barabara, ekseli ya tani 12 inaumiza lami karibu mara mbili ya ile ya tani 10. Kwa hiyo aliyepakia vibaya anakula barabara ya watu wa Mlandizi.

Kiboko wa Ruvu
Hizo 56 si zimeanza juzi tu?

Dereva wa Semi
Tunapimwa nazo tangu 2019. Hujajibu nilichokuuliza.

Mama Shifti
Jamani mmehamia kwenye matairi. Kaka Kiboko kasema "wahamie Kwala, basi" na hakuna aliyemgusa. Nihamie vipi? Mume anafanya kazi Ubungo, mtoto yuko darasa la sita Kibaha, na mimi mkataba wangu ni wa miezi mitatu mitatu. Nipange nyumba Kwala, mkataba usipohuishwa nirudi na godoro kichwani?

Kijana wa Soga
Dada, treni si ipo? SGR inasimama Ruvu. Tangu mwaka jana watu wanapanda.

Fundi Ramani
Abiria wa Dar–Morogoro walianza Juni 2024, mizigo ndiyo ya 2025. Inasimama Ruvu ile ya kawaida, si ya haraka. Na nauli iliyotangazwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, treni ilipoanza ilikuwa 5,000 Dar–Ruvu. Kwenda na kurudi 10,000. Piga siku 26: 260,000. Kibarua gani wa kiwandani atabaki na kitu?

Mkazi wa Mlandizi
Asante Fundi, hapo ndipo nilipotaka tufike. Basi la kampuni liwe sharti, ratiba ibandikwe, kituo kiwe na taa.

Mama Shifti
Basi peke yake halitoshi, mzee wangu. Kiwanda nilichokuwa mwanzo walituletea Coaster. Inaondoka saa 1 usiku juu ya alama. Sisi tunatoka kwenye mashine saa 1 kasoro robo, tunapanga mstari kupekuliwa mmoja mmoja, mkoba unamwagwa mezani, mpaka saa 1 na nusu. Coaster ilishaondoka, tena nusu tupu. Kwenye makaratasi yao usafiri upo. Kwa hiyo muandike na saa, na muandike gari lingoje mtu wa mwisho.

Kiboko wa Ruvu
Gharama ataibeba nani? Na wewe Dereva, acha kunifuata. Binamu yangu aliingia na pikipiki chini ya tela lililoegeshwa gizani, hakuna pembetatu, hakuna hata tawi la mti barabarani. Ndiyo maana nasema ninachosema.

Dereva wa Semi
Pole sana kaka. Kwenye pembetatu sina utetezi, aliyeliacha vile alikosa na alistahili sheria. Ila ulizia lile tela lilikuwa linangoja nini pale. Sisi tukifika usiku mlinzi anafungua kidirisha, anasema ndani kumejaa, subiri nje. Nje ni wapi? Ni pembeni mwa barabara, palepale wanapopita kina Mama Shifti kwa miguu. Tunajipanga kumi, kumi na tano, mpaka asubuhi. Mzee wa Mlandizi, kwenye hicho kibali ongeza mstari mmoja: maegesho ya malori yawe ndani ya uzio wa kiwanda, na geti lifunguliwe saa yoyote gari linapofika.