Dogo anataka mguu wa kuprinti kwa 3D, nisaidieni kabla sijatoa hela

Mzawa wa Igombe
Wakuu habari za jioni. Mdogo wangu ni mvuvi wa dagaa. Mwaka jana alipata ajali ya bodaboda, akakatwa mguu wa kulia chini ya goti. Alipewa mguu bandia, mwanzoni ukamkaa vizuri, sasa hivi unapwaya. Akitembea mpaka mwaloni kigutu kinapanda na kushuka humo ndani, jioni ngozi imechubuka.

Kuna kijana Nyegezi ana printa ya 3D, anatengeneza vishika funguo na vipuri vya plastiki. Anasema kwa laki tatu na nusu ataprinti mguu mzima, kuanzia soketi (pale kigutu kinapoingia) hadi unyayo, ndani ya wiki. Vipimo kachukua kwa kupiga picha na simu. Anataka nusu ya hela kwanza. Dogo halali kwa furaha, anataka giza likiingia awe nao mtumbwini. Mwenye uzoefu anipe mwanga.

Sato wa Kukaanga
Aniprintie na mimi figo basi, hii ya kwangu imechoka. Pole lakini kwa dogo.

Fundi Viungo
@Sato figo bado sana, mkuu. Ila mwaka 2015 Marekani waliidhinisha kidonge cha kifafa kinachotengenezwa kwa kuprintiwa, na vifuko vya mashine za kusaidia kusikia vinaprintiwa miaka mingi tu. Madaktari nao wanaprinti mfano wa taya la mgonjwa ili wajue pa kukata kabla hawajashika kisu.

Mzawa, hii ndiyo kazi yangu. Teknolojia yenyewe si utapeli. Ninachoogopa ni hizo picha za simu. Mguu wa chini ya goti haukalii ncha ya mfupa. Uzito mwingi unabebwa na ile kano ngumu iliyo chini ya pia ya goti, na sehemu za nyama pembeni. Upande wa nje kuna kichwa cha mfupa mdogo, mshipa wa fahamu unapita hapo hapo. Soketi ikipagandamiza, mtu anaweza kupata ganzi mpaka akashindwa kuvaa. Ndiyo maana tunapapasa kwa vidole, tunaweka alama, halafu ndipo tunafunga plasta au kupiga skani. Picha inaona umbo. Haijui pagumu na palaini.

Na kupwaya ni kawaida. Kigutu husinyaa baada ya upasuaji, hasa mwaka wa kwanza. Anavaa soksi ngapi kwenye kigutu ili kujaza nafasi?

Chuma Chakavu
Mimi ninayo printa, naongea kama mfanyabiashara mwenzake. Muulize anaprinti kwa plastiki gani. Akisema PLA, kimbia. Ile inaanza kulainika kwenye nyuzi 60 hivi. Iache kwenye gari lililofungwa juani Mwanza uone. Pia printa inajenga tabaka juu ya tabaka, na kipande hukatikia kwenye maungio ya tabaka. Kishika funguo kikikatika unacheka. Mguu ukikatika mtu yuko ukingoni mwa mtumbwi usiku?

Miguu ya viwandani inapitia majaribio ya mzigo ya kiwango cha kimataifa, ISO 10328, inakandamizwa mara mamilioni. Yake kaijaribu kwa nini, kwa kuikanyaga?

Mama Wawili Sengerema
Msiwakatishe tamaa watu jamani. Mwanangu kazaliwa bila vidole mkono wa kushoto, kaprintiwa mkono wenye nyuzi: akikunja kifundo cha mkono, vidole vinafumba. Anashika chupa ya maji na kamba ya kuruka. Akikua wanaongeza ukubwa kwenye kompyuta wanaprinti mwingine. Ndoo haubebi, hilo niliambiwa mapema.

Fundi Viungo
Sahihi kabisa mama, ila mkono huo haubebi mwili wa mtu mzima.

Mzawa wa Igombe
Nimempigia kijana. Ni PLA. Nilivyomuuliza habari ya majaribio akasema nina dharau, akakata simu. Dogo anavaa soksi nne na bado unacheza.

Fundi Viungo
Soksi nne na bado? Hapo soketi imeshapitwa. Habari njema ni kwamba si lazima mguu mzima ubadilishwe. Bomba na unyayo vikiwa vizima, inatengenezwa soketi mpya tu. Anzia kliniki ya mifupa Bugando, waombe wakuelekeze kwa mtaalamu wa viungo bandia. Wengi wetu tumesomea TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia pale Moshi, kwa hiyo ukikutana na mtu muulize kasomea wapi, hatakasirika.

Kwa sasa asivae juu ya kidonda. Akivua aangalie ngozi: wekundu unaopotea baada ya dakika kumi hivi sina shida nao, unaobaki ni onyo. Na waambie mapema kwamba anaingia majini, maana maji na mchanga vinaharibu vyuma vya ndani.

Mzawa wa Igombe
Ubarikiwe mkuu. Siku ya kwenda abebe nini?

Fundi Viungo
Kaptula, soksi zote, mguu wa zamani, na viatu anavyovaa kila siku, vyote viwili. Urefu wa kisigino ndio unaoamua mguu usimame vipi.

Sato wa Kukaanga
Akimaliza atuletee dagaa.