Kuhama Waltham kwa anayefanya kazi Concord: Lowell au Fitchburg?

Mama wa Wawili

Hamjambo nyote. Naomba ushauri wa aliyepitia. Tumepanga nyumba Waltham, Massachusetts, nami nafanya kazi ya kutunza wazee Concord, zamu ya saa tisa alasiri hadi saa tano usiku. Mwenye nyumba ametuandikia kwamba kodi itapanda tena mkataba ukiisha mwezi wa nane. Mimi na baba watoto tumeweka akiba miaka sita, lakini kwa bei za Waltham, Lexington au Concord kwenyewe, akiba hiyo haitufikishi popote. Kila tunayemuuliza anatutuma kwenye miji ya viwanda vya zamani: Lowell, Lawrence, Fitchburg.

Jumamosi tulikwenda Lowell kuona nyumba ya mbao ya ghorofa tatu, ya mwaka 1905. Sisi tungekaa katikati, wapangaji juu na chini. Mtoto wetu mdogo, wa miaka minne, alisimama dirishani kuangalia maji ya mfereji. Nilipomshika mkono tuondoke, nikaona vidole vyake vina vumbi jeupe na kipande cha rangi kimeganda kwenye kucha. Wakala akasema nyumba zote za huku ziko hivyo. Usingizi haukuja usiku ule. Mkubwa yuko darasa la tatu. Tuendelee, au twende Fitchburg kwa kuwa treni ya huko inapita Concord?

Jirani wa Merrimack

Karibu Lowell, dada. Wakenya tuko wengi hapa, hutakuwa mpweke. Kwa gari hadi Concord ni maili kama 15. Ila usitegemee treni: ya Lowell inakwenda Boston kwa njia yake, Concord haifiki.

Fundi Seremala

Dada, naomba unisome mpaka mwisho, kwa sababu vumbi uliloliona nalijua.

Tulinunua nyumba kama hiyo miaka tisa iliyopita, mtaa wa pili kutoka mtoni. Binti yetu alipopimwa damu akiwa na miaka miwili, risasi ilikuwa juu. Nasema yale madini yaliyotiwa kwenye rangi hadi yalipopigwa marufuku kwa nyumba za watu mwaka 1978. Mimi seremala, na sikuwa nimejua. Nilidhani hatari ni rangi inayobanduka ukutani, mtoto akaila. Kumbe ni dirisha. Madirisha ya zamani yanapanda na kushuka ndani ya mfereji wa mbao, na kila ukifungua, rangi inasagana na rangi. Unga wake unashuka kwenye kizingiti, pale pale mtoto anapoweka mikono kuangalia nje. Ukifuta asubuhi, jioni umerudi.

Sheria ya Massachusetts iko upande wa mtoto wako. Nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 na anamoishi mtoto chini ya miaka 6, mwenye nyumba lazima aondoe au adhibiti hatari ya risasi. Ukinunua, mwenye nyumba ni wewe, na wapangaji wa juu wakiwa na mtoto mdogo, jukumu ni lako pia. Huruhusiwi kuwakataa kwa sababu wana watoto. Kabla ya kununua una haki ya siku 10 kuleta mkaguzi wa risasi mwenye leseni. Zitumie. Yeye si yule mkaguzi wa kawaida anayeangalia paa na bomba. Huyu ana kifaa cha kupima rangi ukuta kwa ukuta. Kisha gharama ya kuondoa iingie kwenye mazungumzo ya bei. Jimbo hurudisha kwenye kodi ya mapato hadi dola 3,000 kwa kila makazi yaliyosafishwa kikamilifu. Na nakusihi, baba watoto asianze kupiga msasa mwenyewe.

Jambo la pili ni mkopo. Kama mnategemea ule wa FHA, yaani unaodhaminiwa na serikali kuu, wenye malipo ya awali ya 3.5%, jueni kwamba nyumba ya familia 3 ina mtihani wake: wanachukua kodi inayotarajiwa kwa makazi yote matatu, hata lenu, wanahesabu 75% hivi, na hiyo lazima ifikie malipo yote ya mwezi. Nyumba ya familia 2 haina mtihani huo. Nimeona watu wakilipia ukaguzi ndipo benki iwaambie.

Na usione kwamba unashushwa hadhi ukihamia mji wa viwanda. Unaishi kwenye mmoja sasa. Kiwanda cha nguo cha Francis Cabot Lowell kilianza Waltham mwaka 1814, kando ya mto Charles. Nguvu ya maji pale ilikuwa ndogo, ndiyo maana wenzake wakaenda kwenye maporomoko ya mto Merrimack miaka ya 1820, wakajenga mji wakaupa jina lake.

Mkazi wa Fitchburg

Treni yetu inapita Waltham na Concord, ni kweli. Lakini zamu yako inaisha saa tano usiku, na usiku treni ni chache. Soma ratiba ya siku za kazi na ya Jumapili, usimame kwenye saa yako ya kutoka. Bila treni ni barabara kuu namba 2, maili kama 30, na hapa kuna vilima ambavyo gari halipandi kukiwa na barafu. Bei ni nafuu kuliko Lowell. Ukija kuona nyumba, shuka besimenti uangalie tangi la mafuta ya kupasha moto, kisha omba bili za msimu wote wa baridi. Sisi tulionyeshwa ya mwezi wa kumi tu.

Mama wa Wawili

Asanteni sana. Fundi, pole kwa yaliyompata binti, natumaini sasa yu mzima. Nimeshampigia daktari wa watoto, mdogo atapimwa Alhamisi. Fitchburg tumeiacha kwa sababu ya saa tano usiku. Tumemwambia wakala hatuweki sahihi bila mkaguzi wa risasi, na atafute na ya familia 2. Swali moja: wakati wa kuondoa rangi, familia inakaa wapi?

Fundi Seremala

Binti mzima, asante. Kazi kubwa ikifanyika hamruhusiwi kuwa ndani mpaka mkaguzi arudi, apime vumbi, atoe barua. Sisi tulikaa kwa shemeji siku tisa. Afadhali ifanyike kabla hamjahamisha hata godoro, maana vumbi likiingia kwenye vitu vya kitambaa halitoki.