Passo 1.0, Vitz 1.3 au Polo 1.2 ya tabo kwa Mbeya? Na je, rimapu inasaidia?

Nyanda_Juu

Wakuu, habari za jioni. Naomba mnisaidie kukata shauri kabla sijatuma hela Japani. Matumizi ni Mbeya mjini kila siku, yaani Uyole, Mwanjelwa, Soweto. Tukuyu mara mbili kwa mwezi. Dar mara chache kwa mwaka, watu wanne na mizigo.

Nimebakiwa na gari tatu: Passo 1.0 (1KR-FE), Vitz 1.3 ya 2013 (1NR-FE) na Polo 1.2 TSI ya 2015, ile ya farasi 90. Fundi mmoja anasema nichukue Passo kwa sababu ya ushuru, halafu aifanyie rimapu (kuandika upya programu ya kompyuta ya injini) ifike farasi 90 "kama Polo tu". Inawezekana? Na nikichukua Polo yenyewe, rimapu inaongeza kitu au inaua giaboksi?

Piston_Tatu

Mkuu, ya Passo haihitaji hata kufungua boneti. Nguvu kwa kilowati ni torki, yaani nguvu ya kuzungusha (Nm), mara mizunguko ya injini kwa dakika, gawanya kwa 9,549. 1KR-FE inatoa farasi 69, sawa na kW 51, kwenye mizunguko 6,000. Maana yake pale juu inasukuma Nm 81. Farasi 90 ni kW 66, na kwa mizunguko hiyo hiyo unahitaji Nm 105. Hilo ni ongezeko la asilimia 30, wakati kilele chenyewe cha torki ya injini hiyo ni Nm 92. Torki inaletwa na hewa inayoingia kwenye silinda, si na programu. Injini isiyo na tabo (pampu ya kusukumia hewa kwenye silinda) inavuta hewa kwa mapafu yake yenyewe, na kiwanda kilishayatumia karibu yote. Rimapu ya kweli hapo itakupa farasi mbili au tatu kwa kusogeza taimingi ya cheche mbele kidogo. Barabarani hutazisikia.

Toyota na Daihatsu wenyewe walipotaka nguvu kwenye injini hiyo ya cc 996 waliifunga tabo, wakaiita 1KR-VET: farasi 98, Nm 140. Ndiyo iliyomo kwenye baadhi ya Roomy, Tank na Raize. Kama 1.0 ndiyo lazima, tafuta hiyo.

Mahali rimapu inapoleta kitu bila tabo ni pale kiwanda kilipoibana injini makusudi. VW up! ya 1.0 iliuzwa kwa farasi 60 na farasi 75, zote zikiwa na torki ile ile ya Nm 95. Ya 60 inaishia mizunguko 5,000, ya 75 inaachiwa mpaka 6,200. Hapo programu inafungua mlango uliokuwa umefungwa. Hata hivyo faida unaipata ukiivuta gia mpaka juu tu. Kwenye mizunguko 2,500 mjini gari hizo mbili ni sawa.

Sasa weka mwinuko. Mbeya ni kama mita 1,700 juu ya bahari, shinikizo la hewa liko chini kuliko la Dar kwa karibu asilimia 18, na injini isiyo na tabo inapoteza nguvu karibu kwa kiasi hicho hicho. Passo ya 69 unaiendesha ikiwa na 57. Vitz ya 95 inabaki na 78, na Nm zake 121 zinakuwa 99. Polo inabaki jirani na 90 yake na Nm 160, kwa sababu tabo inafidia. Kwenye karatasi Vitz inaizidi Polo farasi 5. Uyole ni Polo inayoizidi Vitz 12, na kwenye torki hazifanani kabisa.

Mekatroni

Naungana na Piston_Tatu, niseme ya Polo. Polo ya 2015 ina injini ya familia ya EA211: valvu 16, mkanda wa taimingi. Ulaya injini hiyo iliuzwa pia kwa farasi 110 na Nm 175. Kwa hiyo 90 yako ina nafasi ndani yake, na rimapu ya hatua ya kwanza kwa kawaida inaifikisha farasi 120 hivi na Nm 200. Giaboksi yake ni DQ200, DSG (otomatiki ya VW) ya gia 7 yenye klachi kavu mbili, na ukomo wake wa kiwanda ni Nm 250. Nm 200 haziivunji. Kinachoiua ni joto: kutambaa kwenye foleni au mlimani huku klachi ikisugua nusu-nusu. Torki ikiongezeka, kila msuguo wa namna hiyo unazalisha joto zaidi. Kwenye foleni subiri nafasi ifunguke, kisha ondoka kwa mara moja. Mlimani ukisimama shika breki, usiishikilie gari kwa mafuta.

Usishuke chini ya 2014. Za nyuma zina injini ya familia ya zamani, EA111, valvu 8 na cheni ya taimingi inayorefuka. Ukiwasha asubuhi unasikia mkwaruzo wa sekunde mbili tatu. Tena mwaka 2013 VW iliita magari milioni 1.6 yenye DQ200 kubadilishwa oili ya giaboksi, kutoka sinthetiki kwenda ya madini, kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa inasababisha shoti kwenye umeme wa ndani. Gari iliyotoka Japani bila karatasi huwezi kujua kama ilifanyiwa.

Kwa Mbeya kuna jambo wauza rimapu hawalisemi. Tuseme faili ya rimapu inaagiza shinikizo kamili la bar 1.8 kwenye manifoldi (bomba la kuingizia hewa kwenye injini). Dar tabo inaibana hewa mara 1.8 tu. Mbeya, ambako hewa ya nje ni bar 0.82, inabidi iibane mara 2.2. Tabo inazunguka kasi zaidi, hewa inatoka na joto zaidi, na ile tabo ndogo inafika ukingoni. Kwa hiyo usikubali faili iliyoandikwa kwa usawa wa bahari. Omba yenye kikomo cha shinikizo kwa mwinuko, hata kama namba ya farasi itashuka kuwa 110. (Johannesburg nayo iko juu karibu kama Mbeya, ndiyo maana faili za Afrika Kusini mara nyingi zinafaa huku kuliko za Ujerumani.)

Utaratibu wenyewe: kwanza soma makosa kwenye kompyuta. Ukikuta P0299, yaani tabo haifikishi shinikizo, acha. Mara nyingi ni mkono wa westigeti (mlango wa kupunguza shinikizo la tabo) umekwama kwa kutu au kuna bomba linavujisha, na rimapu itaongeza tatizo. Badilisha plagi, weka gepu ya 0.7 mm, safisha filta ya hewa. Pima gari barabarani, gia ya tatu, mafuta mpaka chini, kutoka mizunguko 2,000 hadi 5,500, huku ukirekodi taimingi ya kila silinda. Kama kompyuta inarudisha cheche nyuma digrii 4 au zaidi kila mara, injini inagonga, yaani mafuta unayotumia yanalipuka vibaya ndani ya silinda. Polo za Japani zinataka petroli ya daraja la juu, ile ya okteni 95 kwenda mbele. Kwa mafuta ya chini yake rimapu inakuwa kazi bure, maana kompyuta inakunyang'anya kile ulicholipia.

Wakati wa kuandika faili, chaja ya betri iwe imeunganishwa, volti zisishuke chini ya 13. Umeme ukikatika katikati kompyuta inakufa. Na udai nakala ya faili ya asili kwenye flashi yako mwenyewe, pamoja na namba ya programu. Fundi akisema "haihitajiki", ondoka.

Nyanda_Juu

Asanteni sana, Passo nimeifuta. Maswali mawili tu: vile vichipu vya kuchomeka chini ya usukani, na kile kiboksi cha pedeli, ni kitu kweli? Na Vitz nikiiwekea tairi kubwa za 15 ili inyanyuke kidogo kwa barabara za huku?

Gurudumu

Kichipu cha kuchomeka kwenye soketi ya dayagnosi ni taa inayowakawaka. Kompyuta ya injini haiandikwi upya na kitu cha bei ya soda mbili. Kiboksi cha pedeli ni kweli kinafanya kitu, lakini sicho unachodhani: kinaidanganya kompyuta kwamba umekanyaga asilimia 60 wakati umekanyaga 30. Gari inaonekana nyepesi, ila ukikanyaga mpaka chini nguvu ni ile ile. Nusu ya "rimapu" za mtaani ni hii hii imeandikwa kwenye faili.

Ya tairi sikiliza vizuri. Vitz hiyo inatoka na 165/70R14, kipenyo mm 587. Watu huku wanaweka 185/65R15, kipenyo mm 622. Umeirefusha gia kwa asilimia 6, kwa hiyo nguvu ya kuvuta kwenye lami inapungua asilimia 6, zaidi ya chochote ambacho rimapu ingekupa kwenye injini ile. Umenyanyuka mm 17 tu, na gurudumu ni zito zaidi. Spidi nayo inasoma pungufu: dashibodi 80, wewe uko 85. Ukitaka kwenda 15, weka 185/60R15, inapanda chini ya asilimia 3. Kabla ya hapo jaza upepo psi 33, inua kila gurudumu ulizungushe kwa mkono. Breki inayong'ang'ania inakula farasi kimya kimya.

Piston_Tatu

Niongeze kwenye ushuru, maana ndiyo hoja ya yule fundi. Injini isiyozidi cc 1,000 haina ushuru wa bidhaa wa ukubwa wa injini, na cc 1,001 mpaka 2,000 ni asilimia 5. Maana yake 1.3 na 1.5 ziko kapu moja. Kinachouma ni umri: gari iliyozidi miaka 10 inaongezewa asilimia 30, ya miaka 8 mpaka 10 asilimia 15. Kwa hiyo kama Polo inakutisha, usitazame 1.3 peke yake. Vitz RS au IST yenye 1NZ-FE ya 1.5 ina farasi 109, Mbeya inabaki na 89 bila kugusa kompyuta, na spea zake unazikuta hadi Tunduma.

Mekatroni

Hapo kwenye IST nakupinga kidogo, umri wake utameza hiyo nafuu. Ila 1NZ-FE sina neno nayo.

Nyanda_Juu, ukienda kwenye Polo, mwombe wakala video ya gari ikiwa baridi: awashe, aingize R, kisha D, aondoke taratibu bila kukanyaga mafuta, asimame, arudie mara tano. Ikitetemeka kutoka gia ya kwanza kwenda ya pili, klachi zimechoka. Ikikataa R, au ukaona alama ya spana ikiwaka, ni mekatroni (kitengo cha umeme na oili kinachoendesha giaboksi), na bei yake kwa gari ya namna hiyo inaumiza. Na uliza mkanda wa taimingi na oili ya injini. Iwe ya kiwango cha VW 502 00, si yoyote ya 5W-30.