Naomba ushauri: mzee ana Parkinson, choo cha shimo kinamshinda

Habari zenu wakuu. Niko Newala na baba yangu, ana Parkinson (ule ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa mwili). Dawa yake, levodopa, anameza nusu saa kabla ya kula, maana samaki na maharage huipunguza nguvu, na ikishika anatembea vizuri tu. Kasheshe ni choo. Kuchuchumaa anaweza, kuinuka ndiyo hawezi, na hataki kabisa mkwewe amshike (namwelewa). Fundi anasema tutoboe kiti cha plastiki. Mie naona kitateleza, bora cha mbao chenye mikono. Mlangoni nako miguu humganda. Nimemchorea mistari ya chokaa sakafuni avuke mmoja mmoja, inasaidia. Aliyewahi kutengeneza kiti cha hivyo, kimo gani kinamfaa mtu mrefu? Na mbao gani haiozi upesi kwa maji?