Jaguar E-Type ya 1966: difu inalia, nibadilishe krauni na pinioni au beringi tu?

Mlio wa Nyuma:
Wakuu, habari za kazi. Nina E-Type 4.2 ya 1966. Injini na bodi nimemaliza baada ya miaka 6, sasa difu (sanduku la gia la nyuma linalogawa nguvu kwa magurudumu) ndiyo inaninyima usingizi. Nikikanyaga mafuta kati ya kilomita 80 na 100 kwa saa inalia kama filimbi, nikiachia pedeli mlio unakata. Halafu oili inavuja pande zote mbili mpaka kwenye diski za breki. Difu sijawahi kufungua hata moja, lakini hii nataka niifungue mwenyewe. Ninunue krauni na pinioni mpya, yaani gia kubwa ya duara na gia ndogo inayoizungusha? Natanguliza shukrani.

Spana 17:
Mkuu, kwanza liegeshe. Kwenye E-Type diski za nyuma haziko kwenye magurudumu, zimebanwa ubavuni mwa difu, kwa hiyo sili (mpira wa kuzuia oili) ikivuja, oili inaangukia breki moja kwa moja. Joto la breki nalo ndilo linalokausha sili hizo. Ukiweka sili mpya huku pistoni za breki zinang'ang'ania, utazifungua tena muda si mrefu.

Mzee Gia:
Usinunue krauni wala pinioni kabla ya kuona meno. Hizo mbili husagwa pamoja kiwandani na hukaa pamoja maisha yao yote. Zilizozoeana miaka yote hiyo, kama hazijachimbika, mara nyingi ni tulivu kuliko mpya zilizofungwa vibaya. Mlio wa kukanyaga mafuta mara nyingi huanzia kwenye beringi ya pinioni: ikilegea, pinioni inasukumwa na meno hayakutani tena pale yalipozoea.

Unapofungua, weka alama kwenye kofia za beringi za pembeni, kushoto na kulia, juu na chini. Zilichongwa zikiwa zimefungwa kwenye nyumba hiyohiyo, ukizibadilishana umeharibu kazi. Kila shimu (kipande chembamba cha chuma cha kurekebisha nafasi) ipime kwa maikromita na uandike ilipotoka. Soma pia maandishi yaliyochorwa kwenye vyuma vyenyewe: krauni ina kipimo chake cha mwanya wa meno, na kichwa cha pinioni kina namba kama +2 au -2, yaani sehemu mbili za elfu moja za inchi kutoka kwenye kipimo cha kawaida. Fuata hizo, usifuate ulichosikia kwa mwenye gari jingine.

Toki:
Mimi ningeishusha mwenyewe, kisha upimaji nimwachie fundi wa difu. Kushusha si kazi ya siri: propela shafti, bomba la breki, kebo ya hendibreki, mikono miwili ya sasipensheni inayoelekea mbele, halafu mipira minne inayoshikilia fremu ya difu. Ila ni mzigo mzito, tafuta jeki pana na mtu wa pili. Ukiwa hapo kagua krosi (viungo vinavyokunjika) za shafti zote, maana nazo zikichoka hugonga na watu huisingizia difu.

Mlio wa Nyuma:
Nimerudi, wakuu. Imeshuka na nimeifungua. Meno ni safi, hayana hata mkwaruzo. Beringi kubwa ya pinioni njia yake imechimbika vishimovishimo. Mzee, shikamoo, umeniokolea krauni nzima. Sasa beringi mpya zikifika, nianze na shimu gani ya pinioni?

Mzee Gia:
Marahaba. Anza na ileile ya zamani, lakini usiiamini mpaka upake rangi meno kadhaa ya krauni na kuizungusha huku mtu anaishikilia kidogo. Alama ikikaa chini kwenye shina la jino, pinioni imeingia mno, punguza shimu. Ikikaa juu kwenye ncha, ongeza. Mwanya wa meno urekebishe baadaye kwa kuhamisha shimu za pembeni kutoka upande mmoja kwenda mwingine, kisha upake rangi upya, kwa sababu alama nayo itasogea. Kama ndani kuna Powr-Lok (difu inayozuia gurudumu moja kuzunguka bure), tia oili ya difu za aina hiyo, si oili ya gia EP 90 ya kawaida.