Tupeane uzoefu: usiku ulipoiona Uranusi au Neptuni kwa macho yako mwenyewe

#1 (mleta mada)
Wakuu, habari za usiku. Zuhura na Mshtarii hata asiyezijua majina huziona. Leo naomba tuzungumzie zile mbili za mbali, zinazojificha katikati ya nyota. Naanza na yangu.

Uranusi niliitafuta miezi miwili bila kuipata. Nilikuwa natafuta duara la kijani kama lile la kwenye picha, na kwa darubini ya macho mawili ya 10x50 (inakuza mara 10, lenzi zake za milimita 50) duara hilo halipo. Ni nukta tu kati ya nukta. Novemba 2025 ilikuwa kama digrii 4 kusini ya Kilimia, lile kundi dogo la nyota, kiasi kwamba vyote viwili vinaonekana bila kusogeza darubini. Usiku mmoja niliamua kuacha kukisia, nikachora kila nilichokiona, nukta kwa nukta. Kisha mawingu yakafunga siku kumi na mbili. Yalipofunguka nikachora tena karatasi nyingine, nikaziweka pamoja kwenye mwanga. Nukta zote zilikuwa pale pale isipokuwa moja, iliyosogea karibu upana wa Mwezi mpevu.

Ikabidi nikae chini. Kumbe nilikuwa nikiitazama siku zote hizo! Mwanaastronomia John Flamsteed aliiandika mwaka 1690 akidhani ni nyota. Hata William Herschel, alipoigundua tarehe 13 Machi 1781, alidhani kwanza ni nyotamkia (kometi).

Nani mwingine?

#2
Hapo kwenye kuchora umegusa penyewe, mkuu. Yangu ni Neptuni. Ung'avu wake ni karibu 7.8, na jicho tupu huishia 6 hivi hata penye giza zuri (namba ikipanda, mwanga unapungua). Kwa hiyo bila darubini usijisumbue.

Nilichopoteza nacho muda ni simu. Programu inanionyesha sayari ilipo, nainua darubini, sioni kitu, narudi kwenye simu. Kila nikitazama kioo kile cheupe, macho yanapoteza giza yaliyokwisha kulizoea, na kulizoea tena ni nusu saa. Nikachapisha ramani kwenye karatasi na kufunga kitambaa chekundu kwenye tochi. Mwaka ule Zohali ilikuwa jirani yake, nikaanzia hapo, nikaruka nyota moja hadi nyingine mpaka pembetatu ndogo iliyokuwa kwenye ramani. Pembetatu ikawa na nukta ya nne.

Usiku ule nilimfikiria sana Galileo. Aliichora Neptuni Desemba 1612 alipokuwa akifuatilia miezi ya Mshtarii, akaiona tena Januari 1613, na tarehe 28 akaandika kwamba usiku uliotangulia nyota ile ilionekana kuwa mbali zaidi na nyota ya jirani yake. Hakuifuatilia zaidi. Watu wakasubiri hadi 23 Septemba 1846, Johann Galle alipoipata Berlin chini ya digrii 1 kutoka mahali ambapo Mfaransa Le Verrier alikuwa amekokotoa kwa hesabu kwamba itakuwepo. Mwangaza tunaouona umesafiri saa nne hivi kutufikia.

#3
Mimi siafiki kwamba kuchora ndiyo njia pekee. Kwa darubini ya kioo cha milimita 150, ukikuza mara 150 na kuendelea, Uranusi ni kiduara cha kijani-buluu kilichotulia, wakati nyota ya pembeni inametameta. Niliitambua usiku wa kwanza. Kwa Neptuni ndiyo nakubali, kiduara chake ni kidogo mno, na hewa ikitikisika kidogo tu basi.

#4
Nimeiona Uranusi bila kifaa chochote. Mara moja tu maishani, mbali na taa zote, Mwezi haujachomoza. Kwanza niliipata kwa darubini ili nijue mahali hasa. Kisha nikaishusha na kutazama pembeni kidogo ya mahali pale, maana katikati ya jicho seli za mwanga hafifu hazipo. Ikaja. Nikiielekezea jicho moja kwa moja inapotea, nikitazama pembeni inarudi. Nilirudia zaidi ya mara ishirini kabla ya kujiamini.

#5
Wakuu, mimi ndiyo naanza, nina 10x50 tu. Nianze na ipi?

#1
Uranusi, ndugu yangu. Kwanza egemeza viwiko vyako kwenye kitu kigumu, au funga darubini kwenye miguu mitatu. Mkono ukitetemeka nukta hafifu zinafutika zote. Halafu chora, na uandike tarehe na saa.

#6
Naongeza Pluto, ingawa si sayari kamili tena tangu 2006. Darubini ya sentimita 30, nyika yenye giza, nukta iliyo kwenye ukingo kabisa wa kuonekana. Sikuweza kusema ni ipi kati ya mbili. Nikarudi usiku wa pili na ule wa tatu, moja ikawa imehama. Clyde Tombaugh, aliyeigundua, alifanya hivyo hivyo, ila kwa picha: alilinganisha mbili za Januari 1930, zilizopishana siku sita. Sikuona uzuri wowote wa kusimulia pale, wala rangi. Lakini nililia.

#5
Nimerudi, wakuu. Nimelaza viwiko ukutani kama mlivyosema, Kilimia nimekipata mara moja, na kusini yake nimechora nukta kumi na moja. Tatu kati ya hizo nazishuku. Karatasi nimeibandika ukutani, tarehe na saa juu yake, na wiki mbili zikipita nitachora ya pili.